Bibi Aliyebaki Katika Ukoo

Siku hizo mtoto hakubatizwa kabla mashine ya kanisani haijaonja tone la damu yake na kutaja mababu zake wote na kazi zao kwa sauti. Wazazi waliruhusiwa kumfuta yeyote waliyemwonea haya, na aliyefutwa hakutajwa tena popote.

Atuganile akiwa amempakata mwanawe Lusekelo, mama mkwe alimnong'oneza, "Mfute bibi yako, mwanangu. Watu wasijue mtoto ana damu ya kahaba."

"Rahabu naye alikuwa kahaba, na yumo katika ukoo wa Yesu, mama. Wangemfuta, mwanawe Boazi angezaliwa na nani?"

Mashine ikamtaja bibi Ngwila na kazi yake. Waumini wakatazamana. Mchungaji akambatiza mtoto, na Atuganile akarudi kitini moyo mweupe, akitabasamu.

Mtoto aliyefuata alitajiwa majina mawili tu, na waumini wakapiga makofi.