Tofauti ya Kumi

"Moja," alisema Mama Msomaji. "Kitabuni wakimbiaji wanakimbia pekupeku. Kwenye filamu wana viatu."

Mwongozaji wa filamu, aliyekalishwa peke yake mstari wa mbele, aliinua kichwa. Kitabuni walikuwa na viatu. Alijua hadi rangi ya kamba zake.

Katibu wa kamati akaandika. Mwenyekiti akapiga mwayo. Filamu ilikuwa imekwisha, taa za ukumbi zimewashwa, na sasa ilibaki kazi moja tu ya kuhesabu. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Filamu iliyotokana na kitabu kilichopigwa marufuku ikiwa na tofauti kumi, hiyo ni kazi mpya, ipewe kibali. Ikiwa na tisa, ni kitabu kilekile, na aliyeitengeneza apelekwe alikopelekwa mwandishi. Mwandishi alichukuliwa miaka kumi na miwili iliyopita, na mpaka leo hata mkewe hajui aliko.

Aliyehesabu ni mtu mmoja. Ndivyo ofisi ile ilivyofanya kazi tangu zamani. Kitabu kibaya husomwa na Msomaji peke yake, ili sumu iingie kichwa kimoja tu, kisha nakala zote huchomwa kwenye tanuri la uani. Wanakamati walijivunia kutokukisoma, utadhani ni cheo. Kwa hiyo kitabu kizima, kwa hesabu zao, kilikuwa kimebaki ndani ya kichwa cha mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mkono wa kulia umezama kwenye mfuko wa sweta, na sifa ya kutomwonea mtu huruma.

Hawakujua kwamba mwongozaji naye alikisoma. Mwaka juzi alikuta bahasha isiyo na jina imesukumwa chini ya mlango wake, ina kurasa zinazonuka moshi. Ukurasa mmoja ulikuwa umeungua nusu, pale mama wa mkimbiaji mmoja anapofungua kinywa kwenye mstari wa kumalizia mbio. Maneno yake yaliliwa na moto, basi kwenye filamu mama anamtazama tu mwanawe. Mengine yote aliyapiga kama yalivyo, ukurasa kwa ukurasa, maana alihakikishiwa kwamba Msomaji wa zamani amestaafu. Asubuhi hii alipomwona akiingia na mkoba wake, alitafuta mlango kwa macho, akamkuta askari amesimama hapo.

"Mbili. Kitabuni mizunguko ni thelathini. Hapa ni kumi na miwili."

Kitabuni ni kumi na miwili.  Uzee, mwongozaji alijiambia, kumbukumbu imemtoka. Akaomba imtoke zaidi.

"Tatu. Kitabuni, anayekuwa wa mwisho kila mzunguko anapigwa risasi mbele ya watu. Hapa anatolewa kwa mlango wa kijani, na haonekani tena."

"Kistaarabu," alisema mwenyekiti. "Hilo nimelipenda."

Mama Msomaji akaendelea bila kupandisha sauti wala kuishusha. Nne, tano, sita, saba, zote za uongo mtupu. Kalamu ya katibu ilikimbia. Kule nyuma mjumbe mmoja mwembamba, ambaye tangu asubuhi hakucheka hata mara moja, alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Nane. Kitabuni wakimbiaji wanautia uwanja moto. Hapa wanasimama hatua moja kabla ya mstari wa kumalizia, wanashikana mikono, wanavuka pamoja, anakosekana wa mwisho."

"Wamechoka, maskini," alisema mwenyekiti.

"Tisa. Jezi. Kule nyeusi, hapa nyeupe."

 Akafunua daftari lake, akalifunga. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena.

"Bado moja, Mama," katibu alimkumbusha kwa adabu.

"Tisa hazitoshi," mjumbe mwembamba alisema. "Tusizungushane."

Askari wa mlangoni akajiweka sawa. Mwongozaji akaangalia saa ya ukutani. Alikuwa amemwahidi binti yake kwamba saa saba atamchukua shuleni yeye mwenyewe, si jirani. Mtoto wa miaka sita, angesimama getini na begi lake mpaka lini? Machozi yalimlenga, akainamisha uso.

"Kumi," alisema Mama Msomaji. "Kwenye mstari wa kumalizia, kitabuni, mama wa mkimbiaji anamwambia mwanawe neno. Hapa ananyamaza."

Mwongozaji aliinua uso. Hiyo ilikuwa kweli. Basi huyu mama hakusahau kitu. Kama anaikumbuka hiyo, anavikumbuka na viatu, anaikumbuka na mizunguko. Zile tisa zilikuwa mtego, na sasa alisubiri aufyatue.

"Neno gani?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Msomaji alilitazama pazia jeupe la filamu. "Limenitoka, Mheshimiwa. Ndiyo uzee huo."

Wakacheka wote, hata yule mwembamba kidogo. Muhuri ukagongwa, na watu wakaanza kutafuta makoti yao.

"Kijana, nibebee mkoba mpaka chini," Mama Msomaji alimwambia mwongozaji. "Ngazi hizi zitaniua."

Walishuka polepole. Kwenye kona ya pili, ambapo hapakuwa na mtu juu wala chini, alitoa mkono wa kulia mfukoni ashike ukuta. Vidole viwili vilikuwa vimekakamaa, ngozi yake imejikunja kwa kovu la zamani.

"Anamwambia, 'Punguza mwendo, mwanangu, wenzako wako nyuma,'" alisema. "Unisamehe kwa ule ukurasa. Nilichelewa kuuchomoa motoni."