Chumba cha Tumpe

Mzee Mwakalindile hakuwa na geti, hakuwa na gari, hakuwa na mjukuu wa kumtuma dukani, na sasa hakuwa na mke. Alikuwa na vyumba viwili, na katika mtaa wa Kisarani, uliokuwa ukinenepa kila wiki kwa watu waliohama mjini, hilo lilikuwa tatizo. Kuta za huko zilisikia pumzi. Kila mtu alihesabiwa chumba kimoja, na chumba kilichokosa mtu siku arobaini kiligeuza mlango chenyewe kikahamia kwa jirani aliyebanwa. Marehemu mkewe alikuwa akihesabiwa chumba cha binti yao Tumpe, aliyekuwa ameondoka.

Siku ya thelathini na tisa baada ya mazishi, balozi wa nyumba kumi, Bi Sikudhani, alibisha hodi.

“Baba, chagua utakachobaki nacho. Chako au cha binti?”

“Tumpe anarudi.”

“Miaka sita anarudi! Hata kobe angeshafika.”

“Niandike cha Tumpe.”

Keshokutwa yake mlango wa chumba chake ulikuwa ukuta mtupu, na nyuma yake watoto wa jirani walirukaruka juu ya kitanda alichofia mkewe. Mzee akaketi kwenye kitanda pekee chumbani kwa bintiye, akaandika: “Mwanangu, chumba chako kipo vilevile. Ila usifanye haraka kurudi.” Akalamba bahasha, akaifunga, akampa tarishi aliyekuwa akipita.