Jina Daftarini

"Mtoto huyu ana mashetani, mama. Mpeleke kwa mganga, siyo shule," mwalimu mkuu alisema, akilifunga daftari la kuandikishia darasa la kwanza.

Mguu wa binti ulikuwa umejipinda tena, misuli imekaza kama kamba. Evarista, mama yake, aliujua mkazo ule. Miaka yote pale Kariakoo alikuwa akiuficha mkono wake wa kulia ndani ya khanga.

Leo aliutoa. Vidole vikajikunja, kiwiko kikageukia nje.

"Shetani gani, mwalimu? Kanirithi mimi. Na mimi kisomo cha watu wazima nimefaulu."

Akalifungua daftari, akachukua kalamu, akaanza kuandika jina la mwanawe, herufi moja moja, huku mkono ukimvuta kwingine.

"Mama, acha!" mwalimu alimaka.

"Subiri nimalize, mwalimu."