Kamera ya Agathe

“Nitakulipa, Mathieu. Sema tu bei.”

Agathe alikuwa ameuelekea mlango, simu mkononi, akidhani mumewe amelala. Wapi! Cyprien alikuwa macho, na wivu unamchoma kama mwiba wa samaki mukeke.

Huu ulikuwa mwezi wa saba hajamjibu mke wake hata neno.

Mambo yote aliyajua. Masista walimpa Agathe kamera nyeusi, nyembamba kama rula. Ikakataa kufanya kazi na ordinateri ya nyumbani, kompyuta kuukuu yenye programu huria za bure. Kiwanda kilichoitengeneza kiliandika programu ya kuiendesha kamera kwa ordinateri za bei kali tu. Sasa bibi amejitafutia fundi huko Lubumbashi aiandike upya, kwa pesa. Ya nini, kama si kumwonyesha huyo Mathieu uso wake? Na anavyocheka naye! Mama wa miaka arobaini na tano!

“Nikimaliza nitaiweka wazi, mama,” simu ilisema. “Haitakuwa ya weye peke yako. Kila mwenye shida ataichukua bure.”

“Vizuri. Lakini bwana yangu asijue kwanza.”

Asijue! Cyprien alifumba macho, moyo unamwaka.

Juma lililofuata cherehani haikuwepo. Cherehani aliyomnunulia yeye mwenyewe Kamanyola, akaileta kwa pikipiki mpaka hapa Kasenga! Sasa imekuwa mshahara wa Mathieu. Agathe alipomletea uji, Cyprien alimkazia macho makali hata maskini yule akakirudisha kijiko bakulini.

“Bado tu hasemi?” jirani yao Pudentienne aliuliza mlangoni.

“Bado, dada. Lakini atasema.”

Ngoja tu, Cyprien aliapa moyoni. Siku nitakayosema, patachimbika!

Jumamosi mchana Agathe aliingia amevaa kitenge cha Pasaka. Akafungua ordinateri, akaibandika kamera chini ya kioo, simu akaiweka pembeni.

“Mathieu, uko?”

“Niko, mama. Jaribu.”

Mbele yake kabisa! Hata haya hana! Cyprien alitamani kuinuka aitupe kamera ile nje, na simu, na kicheko chao.

Agathe akamwinua kichwa, akampachikia mto, akaigeuza kamera imtazame Cyprien.

“Baba Délice, minye sikutaka utumaini bure, ndiyo maana nilificha. Angalia zile herufi kwenye kioo. Kamera iko inafuata macho yako.”

Cyprien alikazia jicho herufi ya kwanza. Ikawaka. Akaenda ya pili, ya tatu, jasho likimtoka, na Agathe ameishika mikono yake iliyokufa tangu kiharusi cha Januari.

Ordinateri ikasoma kwa sauti: “Mathieu ni nani?”

“Ni minye, papa,” simu ikajibu. “Nakusikia.”