Jina la Marehemu

Saa kumi alasiri msaidizi wa mkuu wa mji aliketi mstari wa mbele, kofia magotini, akisikiliza mazoezi ya opera mpya ya Bi Rukaya.

"Nafasi ya mfalme ataiimba mkuu mwenyewe," alisema. "Kwa hiyo mfalme hafi."

"Kwaya imeshajifunza maombolezo, bwana," alisema Bi Rukaya.

"Yabaki, ni matamu. Tafuteni maiti mwingine."

Mwimbaji mmoja wa sauti ya besi alicheka. Katika mji ule, maombolezo humtaja marehemu kwa jina, mara tatu.

"Tumtaje nani?" aliuliza Bi Rukaya.

"Jina lako kamili nani, mama?"

"Rukaya Shomvi."

Msaidizi aliigeukia kwaya akalirudia polepole. Bi Rukaya aliinua mkono kuwaongoza. Waliimba jina lake mara tatu, bila kukosea.