Usiporidhika, Rudisha

Mama mmoja alimwaga vipande arobaini na kimoja vya sabuni juu ya meza ya malalamiko. Kimoja kilikuwa bado kimelowa.

"Sijaridhika," alisema, akavuta kiti.

Afisa malalamiko wa kiwanda, ambaye wenzake walimwita Bwana Pole kwa sababu hilo ndilo neno alilolipwa kulisema, alichukua fomu. "Pole sana, mama. Haitoi povu?"

"Povu tele."

"Inawasha?"

"Haiwashi. Imedhamini mdahalo wa wagombea wawili wakati wagombea wako watatu. Andika hivyo hivyo."

Bwana Pole alicheka, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake. Mama akamgeuzia karatasi ya sabuni na kuweka kidole chini ya maandishi ya kiwanda chenyewe: *Usiporidhika kwa sababu yoyote ile, rudisha.* Aliyebuni maneno hayo alipandishwa cheo mwaka uleule.

Mdahalo ulikuwa Jumamosi. Wangekaa Mheshimiwa anayetetea kiti chake na mpinzani wake wa miaka nenda miaka rudi, aliyekikalia kiti hicho kabla yake, watu wawili waliokwisha kugombana hadharani mara nyingi mno hata kila mmoja akayajua majibu ya mwenzake kwa moyo. Wa tatu, daktari wa mifugo, aliachwa nje. Waandaaji walisema hakufikisha asilimia kumi kwenye kura ya maoni. Kura hiyo haikuwa na jina lake.

"Mama, sisi tunauza sabuni tu," alisema Bwana Pole. "Siasa tumewaachia wenyewe."

"Taa za ukumbini zenu. Jukwaa lenu. Nembo yenu itakaa nyuma ya vichwa vyao muda wote." Akashusha sauti. "Jirani yangu wa miaka thelathini alikufa mwezi uliopita, karatasi ya daktari mkononi, dirisha la dawa limefungwa. Hao wawili hawataulizana habari hiyo, maana kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kulifunga. Daktari wa ng'ombe anauliza kila siku huko masokoni, lakini nani anamsikia?"

Machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa ncha ya mtandio bila kumwomba mtu radhi. "Na mimi ni mzazi. Katika kinyang'anyiro hiki kuna mtoto nimemnyonyesha mimi. Nataka nimsikie akizungumzia dawa, mbele ya watu."

Hapo Bwana Pole akaelewa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuuliza zaidi, akaipiga fomu muhuri.

Jumatano mama alirudi na wanawake wa kikundi chake, kumi na wanane, kila mmoja na beseni lake. Sheria ya kiwanda ilisema kitu kilichorudishwa hakitoki ofisini mpaka mkaguzi akione, na mkaguzi alikuwa likizo. Kufikia Alhamisi wenye maduka nao walikuwa wanarudisha, na Bwana Pole alifanya kazi amekalia katoni, amezungukwa na katoni, akipiga chafya zenye harufu ya limau. Kila fomu ilikuwa na sababu ileile kwa maneno yaleyale, isipokuwa moja iliyoongeza kwa herufi kubwa: NA BEI PIA.

Mkurugenzi wa masoko alishuka mwenyewe kutoka ghorofani, jambo ambalo halijapata kutokea tangu siku jengo liliposhika moto.

"Mwondoe huyo mama," alisema, "la sivyo Jumatatu unahamia ghala la magadi."

Bwana Pole alikuwa na kifua kibovu na watoto watatu, na ghala la magadi aliliogopa kuliko deni la mkwe. Lakini yule jirani na karatasi yake walikuwa wamemganda kichwani tangu siku ya kwanza.

"Bosi, yule ni mama yake mgombea wa tatu. Tukimfukuza leo, kesho yuko redioni analia, na sisi ndio tumemliza."

Mkurugenzi alikalia katoni, akawaza. Alipoinuka alikuwa na wazo, na uso wa mtu ambaye wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani. Jioni hiyohiyo barua ikaenda kwa waandaaji: viti vitatu, au mjadiliane gizani. Barua iliongeza kwamba kiwanda kimeiamini demokrasia tangu kipande cha kwanza cha sabuni.

Viti vikawa vitatu.

Jumamosi kampuni ilimtengea mama nafasi ya mbele kabisa, pamoja na mpiga picha. Mkurugenzi alikuwa ameshaandika maneno ya kuweka chini ya picha: *Sabuni inayowakutanisha mama na mwana.* Bwana Pole alimshika mama mkono mpaka kwenye kiti. Daktari wa mifugo akaletwa mbele ya kamera, tai yake imekwenda upande.

"Haya, mkumbatie!" Mkurugenzi alihimiza.

"Shikamoo, mama," daktari alisema kwa adabu.

"Marahaba, baba. Uliza vizuri, usimwogope mtu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kisha akamwinamia Bwana Pole sikioni. "Samahani, ndugu yangu. Huyu mama ni nani?"

"Pole sana," Bwana Pole alijibu, maana ndilo neno lililokuwa karibu. Wakati huo Mheshimiwa alikuwa anaingia, akiipungia mikono kila pembe ya ukumbi. Alipofika usawa wa viti vya mbele, mkono mmoja ukabaki hewani.

"Mama?" alisema, na kipaza sauti kwenye koti lake kikayapeleka maneno ukumbi mzima. "Si nilikuambia utazame ukiwa nyumbani?"

"Kaa, mwanangu," alisema mama. "Leo utajibu."