Waya Kwenye Mtufaha

Kwanza ulipotea waya wa kengele ya mlango. Ukafuata mti wa kusukumia unga, kisha pini kubwa ya sketi. Adèle Vibert hakuhitaji kupiga ramli kumjua mwizi.

"Lydia Renouf!" alifoka juu ya ukuta. "Huo mkono wako mrefu utakuja kukatwa!"

"Nenda zako, mdomo kengele!" jirani yake akajibu. "Heri mumeo, Mungu kamziba masikio."

Kweli, mzee Elias alikuwa kiziwi, mwaka wa nne huo. Kazi yake kupogoa mitufaha ya majirani, na ikifika saa saba mchana hujilaza, shavu limezama kwenye mto.

"Elias, unanisikia?" Adèle humpigia kelele. Elias hutabasamu tu, na hasira yote humwangukia Lydia.

Jumanne Adèle aliuona waya wake umetandazwa juu kabisa ya mtufaha wa Lydia. Alahaula! Tangu Wajerumani walioteka kisiwa cha Jersey wanyang'anye watu redio, kisiwa kizima kilijua siri ya kujitengenezea: kipande cha jiwe, pini, waya, na kisikizio kilichong'olewa kwenye simu ya barabarani. Bila umeme wala betri unaipata redio ya London. Ukikamatwa ni jela ng'ambo, na wengine hawakurudi.

"Na asirudi, mwanaharamu yule," Adèle alisema. Akawaandikia Wajerumani barua isiyo na jina.

Alhamisi, saa saba na dakika chache, askari wanne walifika na ofisa wao. Adèle alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani, aonje utamu. Walipekua kwa Lydia hadi ndani ya jiko. Hamna kitu. Ndipo ofisa akauona waya, akaufuata kwa kidole: tawini, ukutani, kwenye mfereji wa paa, dirishani.

Dirisha la Adèle.

Walimsukuma kando, wakapanda ngazi, naye nyuma yao. Askari akanyanyua mto wa Elias. Chini yake palikuwa na mti wa kusukumia unga, umezongwa waya toka mwanzo hadi mwisho, na pini, na kisikizio kikinong'ona bado.

"Siyo hapa!" Adèle alipiga ukelele. "Mimi niliandika nyumba ya Renouf! Kwenye barua niliandika Renouf!"

Elias aligeuza kichwa polepole, akamtazama mkewe.

"Nimekusikia, Adèle," alisema.